Mkia wa Mfereji

Wingu lilikuwa bado liko juu ya mashamba ya mkonge, mbali kule upande wa pwani, na tayari watu walikuwa wameanza kuligombea.

Nakijwa Mrutu aliliona kabla ya wote, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Ukuta mzima wa Chumba cha Zamu ulikuwa ramani hai: upande mmoja bahari, upande wa pili milima ya Upare, na katikati, juu ya tambarare ambayo zamani ilikuwa nyika ya tembo na vichaka vya miiba, jiji la Mjimpya lilikuwa limejitandaza mpaka macho yakachoka. Wingu lenyewe lilikuwa nene, limeshiba, linakwenda taratibu kama mama mjamzito anayetoka sokoni. Tangu vuli ianze halikuwa limepita jingine la namna ile. Nakijwa alilitazama, na moyo ukamruka kwa furaha, kwa sababu siku hiyo ilikuwa zamu ya mlima.

Alipitisha kiganja mbele ya ukuta, akakagua mapaa. Yote yaliyovikwa ngozi yalikuwa meupe pe. Ngozi hiyo ilikuwa rangi ya pekee iliyopakwa juu ya kila paa halali la Mjimpya; ukiipitishia umeme huu inakuwa nyeupe na kulirudisha jua lilikotoka, ukiipitishia ule inakuwa nyeusi na kulimeza. Mapaa yakiwa meusi, jiji linageuka jiko. Hewa ya moto inapanda, inalisukuma wingu juu kwenye baridi, na wingu likifika huko haliwezi tena kubeba mzigo wake. Linautua papo hapo, juu ya lami. Mapaa yakiwa meupe, jiji linapoa, na wingu linapita kimya kimya mpaka ligonge mlima. Huko mlimani ndiko mvua ilikokuwa ikinyesha siku zote, kabla watu hawajamwaga zege juu ya nyika.

Sehemu moja tu ya ramani ilikuwa nyekundu kama kaa la moto, nayo ilikuwa Bondeni. Mtaa huo haukuwamo katika mpango wa jiji. Watu waliujenga wenyewe, usiku na mchana, chumba juu ya chumba, kwa mabati matupu, na bati halisikii amri ya mtu. Kila mwaka wekundu ule ulikuwa unatambaa kidogo kuelekea mlimani, na kila mwaka wingu la zamu ya mlima lilifika mlimani limepungua kidogo. Nakijwa alikuwa ameshaandika ripoti juu ya jambo hilo mpaka akachoka kuandika.

Mlango ulifunguliwa bila kugongwa. Aliyeingia alikuwa Shembilu, mkurugenzi wa maji wa jiji, mtu mnene mwenye sauti ya kuimbisha kwaya. Yeye ni Msambaa, Nakijwa ni Mpare, na watu wa makabila hayo mawili ni watani. Kwa hiyo kwa miaka yote waliyofanya kazi pamoja hawakuwahi kusalimiana kistaarabu.

"Mtani," alisema, "leo nimekuja kuiba, kwa hiyo usinikaribishe kiti."

"Ukiona Msambaa anatangaza wizi, ujue ameshaiba tayari," Nakijwa alijibu, kisha akageuka akamwona vizuri. Macho yake yalikuwa mekundu, na shati lilikuwa la jana. Utani ukamwishia mdomoni.

Shembilu alikwenda mpaka ukutani, akaweka kidole kinene juu ya wingu. "Hili nalitaka."

"Leo si zamu yetu."

"Najua si zamu yetu. Zamu zetu zote zimepita na jua kali. Lambo limebaki tope, Nakijwa. Kule Bondeni kipindupindu kimeingia, hema za wagonjwa zimejaa mpaka wengine wamelazwa nje, na hatuna maji ya kuwaoshea hata mikono wanaowahudumia. Jana nimesimama kwenye mazishi ya watoto. Geuza mapaa, hili wingu limwage hapa, lambo lijae. Mara moja tu."

"Na mlima?"

"Mlima utasubiri jingine."

"Hakuna jingine nyuma yake. Nimeangalia mpaka katikati ya bahari."

Shembilu akasema polepole, bila kumtazama, "Nani atajua? Wingu halina mdomo. Mara ngapi wingu limeanguka njiani lenyewe tu?"

Hapo ndipo ulipokuwa ugumu wa jambo lenyewe, kwa sababu Shembilu hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mlafi wa kawaida, Nakijwa angemfukuza kwa maneno matatu, tena akafurahi. Lakini alikuwa anaomba maji kwa ajili ya watoto wanaokufa, na Nakijwa alikuwa na uwezo wa kuyatoa kwa kidole kimoja.

"Mlima utajua," alisema mwishoni. "Nawe unawajua Wapare."

Kila mtu Mjimpya alikuwa anawajua. Jiji lilipoanza kujengwa na ukungu wa mlimani ukaanza kukatika, watu wa huko hawakuandamana wala hawakurusha mawe. Walikwenda mahakamani. Walilishtaki joto. Nchi nzima ilicheka, ikasema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe wake wote ashinde kesi ya kuku; na wakati nchi inacheka, wao waliendelea kupanda ngazi za mahakama moja baada ya nyingine mpaka wakashinda. Hukumu ikasema wingu ni kama maji ya mfereji: haliwezi kuwa mali ya yule aliyekaa karibu zaidi na chanzo. Jiji likaamriwa kuvika mapaa yake ngozi na kugawana mawingu na mlima kwa zamu, kwa kufuata sheria ileile ambayo Wapare wametumia kugawana maji ya ndiva zao tangu enzi za mababu. Ndiva ni bwawa dogo la mlimani. Maji hulala humo usiku, na asubuhi hufunguliwa yakashuka kwenye mfereji, shamba hadi shamba.

"Zamu haichukuliwi," Nakijwa alisema. "Lakini inaweza kuombwa. Sheria inaruhusu."

Uso wa Shembilu ulipata uhai. "Basi tuombe! Kwa nani? Mwenyekiti wa kijiji? Nipigie simu."

"Haiombwi kwa simu. Mwenye kiu anakwenda mwenyewe kwa miguu yake, na jembe lake begani. Na haiombwi kwa mwenyekiti. Inaombwa kwa wa mwisho, yule mwenye shamba kwenye mkia wa mfereji. Maji yakipungua, ni yeye anayekauka kwanza, kwa hiyo neno ni lake. Akikubali, wote wamekubali. Akikataa, hata akija rais."

"Sheria ya ajabu, lakini ina akili," Shembilu alisema. "Haya. Zamu hii ni ya kijijini kwenu Mghamba; mkiani yuko nani siku hizi?"

Nakijwa aligeukia ukuta. Alilitazama wingu, limeshavuka mashamba ya mkonge.

"Mama yangu," alisema.

Shembilu alianza kucheka, kama ilivyo haki ya mtani. Kicheko hakikufika mbali. Alivuta kiti ambacho hakukaribishwa, akakaa.

*

Mwenye kiu aliyeletwa kutoka Bondeni alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyejifunga kanga mbili na kuvaa viatu vya plastiki. Begani alikuwa amebeba sepeto la kukorogea zege, kwa kuwa Bondeni nzima walitafuta jembe wakalikosa. Nakijwa alimtambua hata kabla hajafika karibu, akamwendea.

"Shikamoo, Mama Eliapenda."

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa mtu mzima." Mwanamke alimtazama kwa makini. "Wameniambia nikaombe zamu Mghamba. Hawakuniambia kwa nani. Nasikia tu mkiani kumebaki mtu mmoja."

"Ni mama."

Nasikiwa, maana hilo ndilo lilikuwa jina lake, alishusha sepeto chini, akaliegemea. Kabla hajashuka kuja mjini alikuwa jirani wa mama yake Nakijwa kwa umri wao wote wa ndoa, na sehemu kubwa ya ujirani huo waliitumia mahakamani. Walikuwa wanagombania kipande cha mpaka chenye migomba mitano. Baraza la kata liliamua, mmoja akakata rufaa. Wilaya ikaamua, mwingine akakata rufaa. Migomba yenyewe ilizeeka ikaanguka, kesi ikabaki hai.

"Basi wangemtuma mtu mwingine," Nasikiwa alisema. "Mama yako hanipi hata mate ya kulowesha stempu."

"Aliyelazwa kwako ni nani?"

"Mjukuu, Naelijwa. Wa Eliapenda." Alilibeba tena sepeto. "Twende. Kuomba hakuvunji mfupa."

Walipanda kwa kigari cha waya, kile kinachoning'inia kutoka ukingo wa jiji mpaka bega la mlima. Chini yao mapaa meupe yalikuwa yanawaka mpaka yakaumiza macho, kisha yakaisha ghafla, ikaanza Bondeni. Kutoka juu mabati yalionekana kama magamba ya samaki aliyetandazwa juani, na joto lake lilipanda likakitikisa kigari. Nasikiwa alishika nguzo kwa nguvu.

"Hicho nini kinatusukuma?"

"Ni hewa ya Bondeni," Nakijwa alisema. "Mabati hayana ngozi, kwa hiyo yanachemka kila siku, iwe zamu ya nani. Hewa hii inalisukuma wingu nalo, kama inavyotusukuma sisi."

Nasikiwa alitazama chini muda mrefu, akitafuta kitu. "Lile langu pale," alisema akionyesha kwa kidevu. "Lenye matairi juu."

Ndani ya Nakijwa kulikuwa na kelele. Alijua mama yake amepanda maharage mteremko mzima kwa kuitegemea zamu hii. Alijua kaya zilizobaki Mghamba zimeshaambiana kwamba mvua ya vuli hii ikikosekana, watashuka wote, na kijiji kitakwisha kama vilivyokwisha vijiji vya jirani. Sehemu moja ya moyo wake ilikuwa inaomba mama akatae. Sehemu nyingine ilikuwa inamwona mtoto asiyemjua, ndani ya hema, midomo imepasuka. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Taabu ya Nakijwa ni kwamba ngozi ilikuwa inavutwa pande zote mbili na mikono yake mwenyewe.

*

Mama yake, Namkunda, alikuwa shambani akipalilia. Aliwaona tangu wanashuka njia ya ndiva lakini hakuinua mgongo mpaka walipofika kando ya mfereji. Aliitikia shikamoo ya binti yake, akamtazama mgeni kuanzia viatu vya plastiki mpaka juu, macho yakaishia kwenye sepeto.

"Umekuja kuomba maji," alisema, "na chombo cha kukorogea zege."

"Bondeni hakuna majembe, Mama Nakijwa. Tulime wapi?"

Namkunda alionyesha mfereji kwa mkono, basi. Desturi ilitaka hivyo: mwenye kuomba zamu hafungui mdomo kabla hajazoa mchanga wa mfereji. Nasikiwa alivua viatu, akaingia, akaanza. Mfereji ulikuwa mkavu, umejaa mchanga na majani, na sepeto lile pana lilikuwa linazoa kwa mkupuo mmoja mzigo ambao jembe lingehangaika nao. Namkunda aliliona hilo, na likamuudhi waziwazi.

Mashavu ya mlima upande wa juu yalikuwa ya kahawia. Nakijwa alikumbuka ukungu wa utotoni, ule uliokuwa ukiingia mpaka jikoni na kulowesha kuni. Sasa maharage yalikuwa na majani mawili mawili, yamejikunja kingo kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Yalikuwa yanaweza kuinuka bado. Mvua moja nzuri, yangeinuka.

Nasikiwa alipofika kwenye jiwe la mpaka, alisimama, akajipangusa uso kwa kanga. "Naomba zamu," alisema. "Mjukuu wangu yuko kwenye hema. Maji tunayochota yameingiwa na vyoo. Tumechemsha mpaka kuni zimekwisha, tumechoma milango. Naomba zamu, Mama Nakijwa."

"Nyumba yako umeiezeka kwa nini?"

"Bati."

"Basi zamu yangu umeshainywa. Kila wingu langu linapopita, bati lako linalichota. Alinieleza huyu." Alimwelekezea kidole Nakijwa. "Ulipokaa hapa uligombea migomba mitano. Umeshuka, ukachukua wingu."

"Nilishuka kwa sababu mvua ilikata!"

"Mvua ilikata kwa sababu waliokutangulia walishuka wakajenga."

"Nao walishuka kwa nini, Namkunda? Walipenda moshi?"

Namkunda aliinama akang'oa gugu moja ambalo halikuwa gugu bali mche wa maharage. Aliliona kosa lake, akaurudishia udongo kwa vidole.

"Sitoi," alisema.

Nakijwa alihisi mzigo unamtoka mabegani, na papo hapo akaona aibu kwa jinsi mzigo ulivyotoka kwa urahisi. Alijitenga hatua chache, akampigia Shembilu.

"Amekataa."

Sauti ile ya kwaya, sasa imepwaya, ikasema, "Mapaa yanahitaji muda kushika moto. Saa sita ikipita, hata tukigeuza haitasaidia. Sikwambii ufanye nini, mtani. Nakwambia tu kwamba kidole ni chako."

Kibao cha amri, kile cha kugeuzia mapaa, kilikuwa mkobani mwake. Angeweza kukigusa pale pale, mama yake asijue mpaka aone wingu linakawia. Nakijwa aliwaza jambo hilo kikamilifu, mpaka mwisho wake. Aliona lambo linajaa, na watoto wanaoshwa. Aliona pia zamu ijayo, na ile itakayofuata, na kila safari mtu mwenye macho mekundu akiingia chumbani na sababu nzuri, mpaka siku mlima ubaki na zamu ya kwenye karatasi tu. Watu wenye kiu hawataisha kamwe mjini. Alifunga mkoba.

*

Mgeni hata akiwa adui hula. Namkunda aliwapakulia makande barazani, sufuria moja, vijiko vitatu, wakala bila kutazamana. Kule chini, juu ya tambarare, wingu lilikuwa limeanza kuonekana kwa macho, ukuta wa rangi ya majivu.

"Mke wa Mchome," Namkunda alisema ghafla, kama mtu anayeongea na chakula, "naye yuko huko?"

"Tunapakana. Paa lake limeegemea langu."

"Na Elinaza fundi viatu?"

"Nyumba ya tatu. Mguu unamsumbua."

"Na wale wa Senzighe, waliokuwa chini yako?"

"Wote. Bibi yao alifariki Jumapili, kwa ugonjwa huu huu. Hukupata habari?"

Kijiko cha Namkunda kilisimama hewani. Hakuwa amepata habari. Alikirudisha kwenye sufuria, akaanza kuhesabu mashamba kwa kidole, kutoka jiwe la mpaka kuteremka mlima: la Nasikiwa, la Mchome, la Elinaza, la Senzighe, na mengine mpaka chini kabisa mwituni, kule mfereji ulikokuwa unaishia zamani. Kila shamba sasa lilikuwa kichaka. Kila jina Nasikiwa alilijibu kwa neno moja: Bondeni. Bondeni. Bondeni.

Namkunda alishusha kidole, uso umemkaza. Nakijwa aliijua ile sura. Ndiyo sura aliyokuwa nayo mama yake mahakamani, alipokuwa ameona kifungu cha sheria ambacho wakili wa upande wa pili hakukiona.

"Nani amesema mimi ndiye mkia?" Namkunda aliuliza.

"Mama, chini yako hakuna mtu."

"Chini yangu wapo watu tele, wamesogea tu. Mfereji wa Mghamba haukukatika hapa kwangu, umerefuka. Mkia wake uko huko kwenye mabati." Alimgeukia Nasikiwa, na sauti yake ilikuwa kali kama anamshtaki. "Wewe ndiye mkia. Umekuja kuniomba neno ambalo ni lako mwenyewe, kwa ujinga wako wa kutojua sheria. Kwa hiyo sikupi zamu. Sina cha kukupa. Ni yako."

Nasikiwa alimtazama mdomo wazi. Kisha uso wake ulikunjamana, akajifunika kwa kanga, na mabega yakaanza kutikisika. Namkunda aligeuza macho kwa adabu.

"Usilie, sijamaliza," alisema. "Mwenye mkia ana haki, tena ana kazi. Sheria inasema ndiye anayezoa mfereji mzima, kutoka kwake mpaka ndivani. Mtoto akipona, mtapanda huku, nyote, msaragambo, kazi ya kijiji kizima, siku zote sita za juma. Mtapanda upya miti mliyoikata kabla hamjashuka. Na mabati hayo yavikwe ngozi. Huyu atalisimamia, maana serikali ndiye yeye. Msipokuja, nitawashtaki."

"Tutakuja," Nasikiwa alisema ndani ya kanga.

"Na kesi ya migomba haijaisha."

"Haijaisha, Mama Nakijwa."

Nakijwa alikuwa ameshikilia mkoba kifuani. "Mama, maharage hayatafika juma lijalo. Nimeliangalia anga lote. Ukilitoa hili, msimu umekwenda. Na wengine hapa kijijini watasemaje?"

"Watasema sheria ni sheria. Waliifuata mpaka mahakama ya juu, wataikimbia leo?" Namkunda alimtazama binti yake, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ililegea. "Unadhani siyaoni maharage yangu? Niliyapanda moja moja. Fanya kazi yako, Nakijwa, kabla sijageuza moyo."

Jua lilikuwa linakaribia utosini. Nakijwa alitoa kibao, akakiweka juu ya magoti, akakigusa. Hapakuwa na kishindo chochote. Kule chini, mbali, weupe wa Mjimpya ulianza kufifia kuanzia katikati, ukaenea kama wino kwenye kitambaa, mpaka jiji zima likawa jeusi.

Wakasubiri. Wingu lilikuja mpaka juu ya jiji na kwa muda lilionekana kama litapita. Kisha likaanza kuvimba. Lilipanda, likapanda, kichwa chake kikawa cheupe kama pamba na tumbo likawa jeusi, na ghafla tumbo likashuka. Mvua ilining'inia chini yake kama pazia, ikalifunika jiji, mtaa baada ya mtaa. Ngurumo ilifika mlimani imechelewa, imechoka. Pale barazani jua lilikuwa kali vilevile, hata jani halikutikisika.

Shembilu alipiga simu lakini hakusema neno. Aliiweka tu wazi ili Nakijwa asikie. Zilisikika kelele za maji juu ya bati, na za watu, nyingi mno. Nakijwa alimpa Nasikiwa simu. Yule mwanamke aliisikiliza amefumba macho, akairudisha, akachukua sepeto lake bila kuambiwa na mtu, akashuka mferejini.

"Njoo tukae wote, mama," Nakijwa alisema walipobaki wawili. Alikuwa analia na hakujaribu kuficha. "Nyumba yangu ina ngozi, haiibi kitu. Hapa utakula nini?"

"Nitakula unachonitumia, kwani nilikusomesha bure?" Namkunda hakutoa macho kwenye mvua. "Mimi nikishuka, anayefuata juu yangu atajiona mkia, naye atashuka. Yeye hatakuwa na binti mwenye nyumba ya ngozi. Ataezeka bati. Atafuata mwingine, bati juu ya bati, mpaka wingu lisahau njia ya huku. Ndivyo tulivyofika hapa, mwanangu. Hakuna aliyekuwa mbaya. Kila mtu alijenga paa la kulala watoto wake."

Pazia la mvua lilikuwa limefika Bondeni sasa. Mabati yote yalikuwa yamezimika, huwezi tena kuyaona.

"Hiyo yote," Namkunda aliuliza, "ingenyesha hapa kwangu?"

"Yote, mama."

Namkunda alitingisha kichwa. "Kumbe ilikuwa nyingi hivyo," alisema.

Aliendelea kutazama kidogo. Kisha alisimama, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akalichukua jembe lake ukutani, akashuka kumsaidia Nasikiwa kuzoa mfereji ambao msimu ule haungepata maji.